Kila Mtu na Jumapili Yake

Januari 2024 Jukwaa la Uchumi la Dunia, lile linalowakutanisha wakubwa Davos, Uswisi, lilitoa ripoti yake ya kila mwaka kuhusu hatari zinazoikabili dunia. Iliyowekwa juu kabisa kwa miaka miwili iliyofuata haikuwa vita wala njaa, ilikuwa ni uongo na upotoshaji wa taarifa. Januari 2025 hatari hiyo ikabaki palepale, namba moja. Hoja inayosikika kila wakubwa wanapokutana ni ileile: mashine sasa zinatunga habari, picha na sauti kwa sekunde chache, watu watauamini uongo, na jamii zitavunjika kwa kuuamini. Nadhani tunaogopa kivuli na kukiacha kitu chenyewe. Binadamu wameishi na uongo tangu wajue kusema, na baadhi ya jamii zilizodumu karne nyingi zilisimama juu ya mambo ambayo leo hakuna awezaye kuyathibitisha. Kinachozishikilia jamii si kwamba kila mtu anaiamini hadithi fulani. Ni kwamba kila mtu anajua wenzake wameisikia hadithi hiyohiyo, nao wanajua kwamba yeye ameisikia. Kiswahili kina neno lake kwa hali hiyo: hadhara. Kinachotikiswa leo ni hadhara. Ukweli nao unaumia, lakini unaumia kwa sababu umekosa mahali pa kusemewa.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka uiangalie kwa karibu. Watu kumi wanaweza kulijua jambo moja, kila mmoja kwa njia yake, na wasiweze kufanya lolote nalo, kwa kuwa kila mmoja anadhani huenda yuko peke yake. Likitamkwa mbele yao wote, hakuna aliyejifunza kipya. Ila hakuna tena anayeweza kujifanya hajui, wala kudhani kwamba mwenzake hajui. Ndivyo siri ya wazi inavyoishi: wote wanayo na bado ni siri, mpaka siku mmoja aropoke mbele za watu. Msimulizi wa Kiswahili analielewa hili bila kufundishwa na profesa yeyote. Haanzi hadithi kabla hajaita "Paukwa!" na kuitikiwa "Pakawa!" Hawaulizi kama wanaamini kwamba sungura anasema. Anataka kujua kama wapo, na anataka kila mmoja wao asikie kwamba na wengine wapo.

Watafiti wametupa picha nzuri ya jambo hili. Mwaka 2014 mwanaanthropolojia Polly Wiessner alichapisha uchambuzi wa mazungumzo ya Ju/'hoansi, wawindaji wa Kalahari walioko Botswana na Namibia. Mchana walizungumzia riziki, wakalalamika, wakasengenyana. Hadithi zilikuwa asilimia 6 tu ya mazungumzo. Usiku, kando ya moto, zilipanda hadi asilimia 81. Miaka mitatu baadaye watafiti wengine wakaeleza habari za Agta wa Ufilipino: kambi zenye wasimulizi hodari wengi ndizo ambazo watu wake walikuwa wepesi zaidi kugawana walipopewa nafasi ya kugawana au kujilimbikizia. Wasimulizi hao ndio pia ambao wenzao walitamani sana kuishi nao kambi moja. Moja ya hadithi zao inasimulia jua na mwezi waliogombea nani aangaze anga, wakapigana, mwisho wakakubaliana mmoja achukue mchana na mwingine usiku. Tafsiri ya kawaida ni kwamba hadithi kama hizi zinawafundisha watu wema. Hainiridhishi. Sidhani kuna Agta mtu mzima ambaye hakujua kwamba kugawana kunafaa. Asichokuwa na hakika nacho ni kama jirani yake naye atagawana. Hapo ndipo moto unapofanya kazi: wote wameisikia hadithi, wote wameonana wakiisikia, na kuanzia hapo mchoyo hana pa kujificha.

Fedha inaonyesha jambo hilohilo bila mashairi. Chini ya makubaliano ya Bretton Woods ya mwaka 1944, serikali za kigeni ziliweza kubadilisha dola ya Marekani kwa dhahabu, dola 35 kwa wakia. Tarehe 15 Agosti 1971 Rais Richard Nixon akatangaza kwamba mlango huo umefungwa. Kama dola ingekuwa inaishi kwa imani ya watu kwamba nyuma yake kuna dhahabu, ingekufa wiki ileile. Ilishuka, ikayumba, haikufa, kwa sababu anayepokea noti haulizi kama anaiamini, anajiuliza kama atakayemkabidhi kesho ataipokea. Na kinyume chake ni kweli vilevile. Tarehe 9 Machi 2023 wateja wa Silicon Valley Bank ya Marekani walijaribu kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja; kesho yake benki ilifungwa. Ilikuwa na matatizo, ndiyo, ilikuwa imeuza hati fungani kwa hasara. Lakini hata mteja aliyeamini kwa dhati kwamba benki itapona alikuwa na sababu nzuri ya kukimbia: alikuwa ameona kwenye simu yake kwamba wengine wanakimbia.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa Maji Maji, kwa sababu ndio unaotumiwa vibaya zaidi. Darasani wengi tulipewa kisa hiki kama onyo juu ya ushirikina: Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwaambia watu kwamba dawa ya maji itazigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji, watu wakaamini, watu wakafa. Yote hayo yalitokea. Kinjikitile alinyongwa mwanzoni mwa Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza kwa kung'olewa pamba Umatumbini. Tarehe 30 Agosti maelfu walioishambulia boma ya Mahenge walikutana na bunduki za rashasha, na maji hayakugeuza kitu. Kama nguvu ya hadithi ile ingekuwa ni kuaminika kwake, vita vingeisha jioni hiyo. Viliendelea mpaka mwaka 1907, na wapiganaji wengi wakabadili mbinu wakaanza kuvizia badala ya kushambulia ana kwa ana. Je, walikuwa bado wanaamini? Wengine pengine. Ila maji yalikuwa yameshafanya kazi yake kubwa kabla ya risasi ya kwanza. Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni na wengineo hawakuwa na mfalme mmoja wala jeshi moja, na baadhi yao walikuwa na visasi vya zamani kati yao. Kila mmoja alichukia kulimishwa pamba na kutozwa kodi, lakini hakujua kama mwenzake wa ng'ambo ya mto atasimama naye. Aliyekunywa maji alionekana akinywa. Kilichosambazwa na wajumbe wale kutoka kijiji hadi kijiji kilikuwa ni uhakika kwamba na jirani ameapa. Uongo uliokuwa ndani ya dawa uliwaua watu wengi, na njaa iliyoletwa na Wajerumani kwa kuchoma mashamba na maghala iliwaua wengi zaidi. Sisemi hadithi ile ilikuwa njema. Nasema anayeieleza kama kisa cha watu waliodanganyika hajaeleza kwa nini watu wa lugha na koo mbalimbali waliinuka karibu kwa pamoja.

Mtu anaweza kusema hizo ni tafsiri zangu tu, historia hujibu kila anayeihoji kwa jibu analolitaka. Sawa, tuangalie majaribio. Baada ya mauaji ya kimbari, Rwanda ilianza kurusha mchezo wa redio kuhusu chuki na upatanisho kati ya vijiji viwili. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck aligawa vikundi vya wasikilizaji: vingine vilisikiliza mchezo huo kwa mwaka mzima, vingine vilisikiliza mchezo tofauti wa mambo ya afya. Matokeo aliyochapisha mwaka 2009 yaliwashangaza waliotarajia hadithi ibadilishe nyoyo. Imani binafsi za wasikilizaji hazikubadilika kwa kiasi cha kutajika. Kilichobadilika ni jinsi walivyoona wenzao wanavyotarajia watu waishi, na pia matendo yao: walipoachiwa redio ya kaseti na betri, waliosikiliza mchezo wa upatanisho walijadiliana zaidi namna ya kuvitumia kwa pamoja badala ya kumkabidhi kiongozi avitunze. Jaribio la pili lilifanyika katika kijiji cha San Bartolomé Quialana, jimbo la Oaxaca, Meksiko. Eric Arias alitumia mchezo wa sauti uliopinga ukatili dhidi ya wanawake. Waliopewa CD wakasikilize wenyewe nyumbani hawakubadilika. Waliousikia kwa kipaza sauti cha kijiji, au walioitwa kuusikiliza pamoja, walibadilika. Maneno yaleyale, sauti zilezile. Tofauti ilikuwa ni kujua kwamba jirani amesikia.

Sasa nije kwa hoja ambayo naiona dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayovuma kwenye majukwaa. Inasema hivi: fedha, taifa, sheria na mipaka ni hadithi tulizozitunga, kwa hiyo tunaweza kuzitunga upya tukipenda, anayedhibiti masimulizi anadhibiti jamii. Inasikika ya kijasiri, na ndiyo inayowapa mabilionea wa teknolojia na waandaaji wa kampeni imani kwamba wameshika usukani wa dunia. Historia haikubaliani nayo. Mapinduzi ya Ufaransa yalikuwa na kila kitu: serikali, askari, shule, wachapishaji. Mwaka 1793 yakaanzisha kalenda mpya yenye wiki ya siku kumi. Kwa hesabu ilikuwa nadhifu kuliko ile ya zamani. Ilidumu miaka 12 hivi, na kuanzia Januari 1, 1806 Napoleon akaifuta. Wiki ya siku saba haikuwa na ushahidi wowote wa kisayansi nyuma yake, haifuati mwezi wala jua, lakini kila mtu alijua siku ambayo kila mtu mwingine angekuwa sokoni au kanisani. Jambo kuwa la kutungwa hakulifanyi kuwa jepesi kubadilisha. Hadithi unayoiamini peke yako unaweza kuiacha leo usiku. Ile ambayo wenzako wanakutarajia uifuate, hata usipoiamini, itakusubiri asubuhi mlangoni.

Na hapa kuna kisa cha pili cha wiki, ambacho nakiona kinaeleza wakati wetu kuliko ripoti zote za Davos. Mwaka 1929 Umoja wa Kisovieti ulifuta wiki ya kawaida viwandani na kuleta wiki ya siku tano isiyo na pumziko la pamoja. Wafanyakazi waligawanywa makundi matano, kila kundi na rangi yake: njano, waridi, nyekundu, zambarau, kijani. Kila mmoja alipata siku yake ya kupumzika, tena mara nyingi kuliko zamani, lakini siku yoyote ile wanne kati ya watano walikuwa kazini. Mashine hazikulala. Serikali ilifurahia pia kwamba Jumapili, pamoja na ibada zake, ilikuwa imepotea kwenye ratiba ya kazi. Ukiangalia kwa jicho la mtu mmoja mmoja, hakuna aliyenyang'anywa kitu. Bado watu walilalamika, na walilalamikia jambo moja: mume ana siku ya njano, mke ya kijani, mtoto yuko shule, rafiki yuko kiwandani. Pumziko lisilo na mtu wa kupumzika naye liligeuka kuwa saa tupu. Mwaka 1931 mpango ukabadilishwa, ikaletwa wiki ya siku sita yenye pumziko la pamoja.

Mitandao ya leo inatugawia hadithi kwa rangi. Kila mmoja ana mkondo wake wa video na habari, uliopangwa kwa macho yake peke yake, na kwa kuhesabu tu, anapata hadithi nyingi kuliko babu zake wote. Nimewahi kukaa chumba kimoja na watu wanne, kila mmoja akicheka kwa wakati wake. Tangu ChatGPT izinduliwe Novemba 2022 tumesogea hatua nyingine: sasa hadithi inaweza kutungwa kwa ajili ya mtu mmoja, isomwe mara moja, na isionwe na binadamu mwingine yeyote milele. Wanaopigana na uongo wanauliza kama hadithi hiyo ni ya kweli. Swali hilo linafaa, lakini halifiki kwenye kiini. Inawezekana kila sentensi yake ni ya kweli na bado hadhara ikapungua.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo siwezi kuipita haraka, kwa sababu ina uzito. Inasema: hadhara unayoililia ilikuwa mali ya nani? Ilikuwa ya mfalme, ya kanisa, ya redio ya taifa, ya chama. Watu walisikia sauti moja kwa sababu hawakuruhusiwa kusikia nyingine. Rwanda hiyohiyo niliyoitaja ilikuwa na RTLM, kituo kilichochochea mauaji ya mwaka 1994, na utafiti wa David Yanagizawa-Drott, uliolinganisha vijiji vilivyopata mawimbi yake na vile vilivyokingwa na milima, unakadiria kwamba takriban moja ya kumi ya ushiriki katika mauaji ilitokana na redio hiyo. Wapo wasomi wanaopinga ukubwa wa kadirio hilo. Ila ni vigumu kupinga kwamba redio ile iliwaambia wauaji kuwa jirani zao nao wamesikia wito. Hadhara haina maadili yake yenyewe. Ni kama barabara, hupita daktari na hupita jambazi.

Naikubali hoja hiyo nusu. Nusu ninayoikataa ni ile inayodhani kwamba kuivunja hadhara kunawapunguzia nguvu wenye nguvu. Tukumbuke Bucharest, mji mkuu wa Romania, tarehe 21 Desemba 1989. Nicolae Ceaușescu, mtawala wa kikomunisti wa nchi hiyo, aliitisha mkutano wa kumshangilia, umati ukaletwa kutoka viwandani, televisheni ikarusha moja kwa moja. Katikati ya hotuba kelele zikaanza, akanyanyua mkono kuwatuliza, uso ukamgeuka, matangazo yakakatika kwa dakika kadhaa. Kesho yake alikimbia kwa helikopta, na siku ya Krismasi alipigwa risasi. Ni vigumu kuamini kwamba Waromania waligundua mchana ule tu kwamba wamechoka. Walichogundua, kwa sekunde chache za picha, ni kwamba wote wamechoka na wote wameona. Jukwaa alilojijengea mtawala ndilo lililomwangusha, kwa sababu lilikuwa jukwaa moja. Sasa mfikirie mtawala ambaye hahitaji jukwaa, anayeweza kumtumia kila raia ujumbe wake wa peke yake, kwa lahaja yake, wenye ahadi yake. Huyo hana siku ya kuzomewa.

Hili si jambo la kuwazia tu. Mgombea aliyesimama kwenye mkutano wa hadhara alilazimika kusema neno moja mbele ya mkulima na mbele ya mnunuzi wa chakula. Kama alimwahidi wa kwanza bei kubwa ya mazao na wa pili bei ndogo ya unga, wote wawili walikuwa palepale, na mmoja angepiga mluzi. Ujumbe unaolengwa kwa mtu mmoja mmoja unafuta mluzi huo. Mhakiki wa habari akiletewa ahadi hizo mbili, kila moja kwa wakati wake, hatakuta uongo. Ahadi haina ukweli wala uongo kabla ya siku yake. Kwa hiyo tunaweza kuajiri wahakiki mara kumi ya waliopo na tusiliguse tatizo hili hata kidogo. Nadhani hapo ndipo fedha na akili nyingi zinapopotelea, na sisemi hivyo kwa kuwadharau wahakiki, wanafanya kazi ngumu kwa ujira mdogo.

Umoja wa Ulaya umesogea karibu zaidi na kiini. Sheria yake ya Huduma za Kidijitali inayataka majukwaa makubwa sana yaweke hifadhi ya wazi ya matangazo, ionyeshe nani amelipia na kundi gani lililengwa. Maana yake halisi, kwa lugha ya makala haya, ni kwamba mnunuzi wa unga anaweza kwenda kuona alichoambiwa mkulima. Ni hatua nzuri. Ila hifadhi haitoshi kuwa hadhara, kama vile maktaba haitoshi kuwa mkutano. Kujua kwamba jambo linaweza kuonekana ni tofauti na kujua kwamba limeonekana. Kingehitajika kitu kisichopendeza kibiashara hata kidogo: sehemu ya mkondo ambayo ni ileile kwa wote, na inayojulikana kuwa ni ileile kwa wote, ambapo chama tawala na wapinzani wake wangelazimika kusema na kusikilizwa na watu walewale. Kampuni hazitaipenda, kwa sababu zinachouza ni ule ulinganifu wa hadithi na mtu mmoja. Watumiaji wengi nao hawataipenda, na hili ndilo linalonipa wasiwasi zaidi. Ukimpa mtu hadithi iliyoshonwa kwa kipimo chake, ile ya wote itambana mabegani.

Wiki ya siku saba ilirudi Umoja wa Kisovieti Juni 1940, katika amri ileile iliyoongeza saa za kazi na kuwakataza wafanyakazi kuacha kazi bila ruhusa. Jumapili ikawa tena ya wote, kwa bei hiyo, baada ya miaka 11. Aliyeifuta ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuirudisha kwa karatasi moja. Hadithi zetu za mtu mmoja mmoja hazikuletwa na amri, tulizipakua wenyewe, na wafanyakazi wale wa rangi tano walitushinda kwa jambo moja: walianza kulalamika mapema.